Siku Sita na Futikamba: Kutoka Kisenyi Hadi Mbale

Jumapili jioni, kabla ya kuondoka

Kikundi chetu cha akiba kina wanachama 34, na sote ni wapangaji hapa Kisenyi, katikati ya Kampala. Kila Jumapili kwa miaka saba tumeleta tulichonacho: elfu mbili, elfu tano, wiki nyingine mia tano tu na maelezo. Sasa akiba imefika mahali pa kuulizana kwa uzito: tununue ardhi wapi, tujenge vipi, hati iandikwe jina la nani? Mwenyekiti wetu alikataa tusimkabidhi mtu yeyote shilingi kabla mmoja wetu hajaenda kuwaona waliotutangulia. Nikachaguliwa mimi. Ndimi katibu, naandika haraka, na nimezaliwa Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za manispaa.

Mwenyekiti alinipa swali moja la kubeba: kila mahali palipojengwa nyumba za watu wa kipato cha chini, uliza nani alibaki. Usiulize nani alipewa. Uliza nani yupo leo.

Hajati alinipa futikamba ya kushonea. Yeye alikatwa mguu wa kulia miaka minne iliyopita kwa sababu ya kisukari. Ana kiti cha magurudumu alichopewa na msikiti, lakini mlango wa chumba chake hauruhusu kiti kupita, kwa hiyo kiti hulala nje kwa jirani, kimefungwa kwa mnyororo. Choo cha ua wetu kimejengwa juu, maana Kisenyi ni bondeni. Jina lenyewe kwa Kiganda ni mahali pa kinamasi, na ukichimba shimo maji yanakuja kukupokea. Choo kina ngazi saba za saruji, na hazina pa kushika. Hajati huzipanda akiwa amekaa, anajivuta ngazi moja baada ya nyingine. Usiku hapandi. Ana ndoo.

"Usije ukaniletea habari za bati na rangi, mwanangu," aliniambia. "Niletee upana wa mlango na idadi ya ngazi za chooni."

Jumatatu: Namuwongo

Nilianza karibu. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa mwaka wa makazi kwa wasio na makazi, na serikali ya Uganda ikaanzisha Namuwongo mradi wa majaribio. Nia ilikuwa njema, tena mpya kwa wakati ule: mtaa uboreshwe wakazi wakiwa humo humo, usifagiliwe. Viwanja vikapimwa, barabara zikachorwa, watu wakapewa nafasi ya kumiliki kipande chenye karatasi, na baadhi wakahamishiwa Bukasa jirani ili kupisha.

Upande wa juu wa reli leo ni mtaa wa kupendeza. Mageti ya chuma, kuta za mawe, magari yanasubiri kufunguliwa. Ukivuka reli, hatua ishirini hivi, unaingia kwenye mabanda yanayoteremka hadi mfereji wa Nakivubo, ule unaobeba maji machafu ya jiji kwenda kinamasini na ziwani. Nilikaa hapo mpakani, kwa mzee anayeshona viatu, mgongo wake ukielekea reli.

Nilimwuliza swali la mwenyekiti. Hakujibu haraka. Alimaliza soli aliyokuwa akiishona, akakata uzi kwa meno, kisha akaniambia kwamba mama yake alipata kiwanja katika mradi ule. Upande wa juu. Alinionyesha kwa sindano paa lenye vigae vyekundu: pale pale.

"Mama aliugua figo. Akaja mtu ana fedha mkononi, siku hiyo hiyo. Hatukufukuzwa, mwanangu. Tulinunuliwa."

Akaniambia majirani zao wengi walitoka hivyo hivyo: mmoja kwa ada ya shule, mwingine kwa deni la duka. Kiwanja kilipopata karatasi kilipata bei, na kilipopata bei wakaja wenye uwezo wa kuilipa. Waliouza walivuka reli. Mwaka 2014 mabanda yaliyokuwa yameisogelea mno reli yalibomolewa, na waliokuwamo wakasogea tena, mara hii kuelekea kwenye maji.

Nilipima mlango wake: sentimita 70. Choo cha kulipia kilichopo karibu kina ngazi tano. Nikaandika, nikaondoka na viatu vyangu vimeshonwa upya, akakataa nimlipe.

Nimeandika maneno yake mara mbili katika daftari, kwa kuwa sikutaka kuyasahau. Sisi wa Kisenyi tunaogopa tingatinga. Hatujawahi kumwogopa mtu anayekuja kwa adabu akiwa na noti za elfu hamsini wiki ambayo mama yuko hospitali.

Jumanne: Naguru na Nakawa

Hapa sikuwa na mlango wa kupima.

Nyumba za Naguru na Nakawa zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Wazee wanakumbuka mtaa wa makabila yote, ambamo Kiswahili kilitumika barabarani kwa sababu kilikuwa hakina mwenyewe. Julai 2011 wapangaji waliondolewa, familia zaidi ya 1,700, na nyumba zikabomolewa ili ujengwe mji mpya wa kisasa kwa ubia wa serikali na mwekezaji binafsi. Wapangaji wa zamani waliahidiwa nafasi ya kwanza katika nyumba mpya. Oktoba 2013 Rais aliweka jiwe la msingi. Mji ule haukujengwa. Mkataba ulivunjika, ardhi ikagawiwa wawekezaji mbalimbali vipande vipande, na mwaka 2021 Bunge likaunda kamati ya kuchunguza ugawaji huo.

Katika soko la Nakawa nilionyeshwa mama anayeuza dagaa wa mukene ambaye alizaliwa mtaani mle. Anayo bado kadi ya kodi ya baba yake, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake. Karatasi imelainika kama kitambaa. Mistari ya malipo imejaa mwezi baada ya mwezi, mihuri ya zambarau iliyofifia. Aliniruhusu niishike, kisha akanyosha mkono nimrudishie.

Huyu alilipa kodi maisha yake yote kwenye ardhi ya umma, kwa hiyo siku ya kuondoka hakuwa na cha kuuza wala cha kudai zaidi ya ahadi. Nilikaa naye hadi saa kumi. Anaishi Kireka sasa, chumba kimoja. Hicho chumba Waganda wanakiita muzigo, na mimi niliyekulia katika Kiswahili kila tarehe moja ya mwezi nalisikia neno hilo kwa lugha zote mbili.

Jumatano: barabara ya Jinja, na nyumbani Walukuba

Teksi iliondoka Kampala saa mbili asubuhi (huku kwetu matatu ndiyo teksi). Pembeni yangu alikaa kijana fundi wa simu ambaye mwenye nyumba wake amempandishia kodi kutoka 150,000 hadi 220,000 kwa mara moja. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji: kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asitolewe bila amri ya mahakama. Alinitazama kama niliyemletea habari ya urithi. Kisha akauliza, "Nikimwambia hivyo, nitalala wapi kesho?" Hatukuzungumza tena mpaka Mabira. Sheria ni nzuri na ninaitetea, lakini inamfaa zaidi mtu mwenye chumba kingine cha kukimbilia. Mji wenye vyumba vichache kuliko watu humpa nguvu mwenye chumba, haidhuru karatasi imeandikwa nini.

Tukavuka Nile kwa daraja jipya, lililofunguliwa Oktoba 2018, na upande wa kushoto nikaliona bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alikuja kulifungua mwaka 1954. Umeme wa bwawa lile ndio ulioleta viwanda Jinja, viwanda vikaleta wafanyakazi, na wafanyakazi wakajengewa Walukuba. Baba yangu alikuwa mmoja wao, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, mlango wa mbao mzito. Bomba la maji lilikuwa la pamoja. Nakumbuka mlio wake usiku. Sikupata kuona siku moja baba akiogopa mwisho wa mwezi, kwa sababu kodi ilikatwa kwenye mshahara na ilikuwa ndogo kuliko mshahara; jambo hilo la kawaida kabisa sijaliona tena tangu niondoke pale. Kiwanda kilipopunguza watu, mshahara ukaisha na nyumba ikaisha pamoja nao. Nyumba iliyofungwa kwenye kazi hufa siku kazi inapokufa. Tulihama usiku mmoja wa mvua na godoro likalowa.

Jioni nilikwenda kumwamkia rafiki wa baba, mpima ardhi mstaafu aliyefanya kazi na manispaa miaka mingi kabla Jinja haijawa jiji, tarehe 1 Julai 2020. Yuko Walukuba bado. Mkewe alileta chai ya tangawizi na mihogo, naye akatandika ramani yake kuukuu mezani, akaikandamiza kona kwa vikombe. Nilimwuliza: mji usio na fedha unajengaje nyumba za watu maskini?

"Mji haujengi, binti yangu," alisema. "Ulijenga zamani. Mwaka 1992 serikali iliandika mkakati wa makazi ikasema kuanzia sasa sisi tunawezesha, wananchi na kampuni ndio wajenge. Nyumba nyingi za serikali zikauzwa miaka iliyofuata. Sasa angalia mji umebaki na nini mkononi."

Kidole chake kikaenda kwenye ramani. Umebaki na ardhi, kama haijauzwa. Hata hiyo si yake moja kwa moja, kwani Katiba ya 1995 iliiweka ardhi isiyo na mwenyewe chini ya bodi za ardhi za wilaya, na manispaa ikitaka kipande huomba kama mwombaji mwingine. Kampala ni ngumu zaidi: sehemu kubwa ni mailo, aina ya umiliki wa ardhi iliyozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, ambapo mmoja ana hati na mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kutumia, juu ya hati hiyo hiyo, na jiji lenyewe linapita kati yao likiomba njia ya bomba.

Halafu umebaki na kalamu ya kuidhinisha viwanja. Hapo mzee aliongea kwa uchungu. Alisema alitumia nusu ya maisha yake akipima viwanja vikubwa kwa ajili ya watu ambao mifuko yao ilitosha robo ya kiwanja. "Ramani ikidai eneo kubwa kuliko uwezo wa mtu, imemfukuza kabla hajafika. Na yeye haendi mbinguni. Anakwenda kujenga kinamasini, ambako hakuna ramani." Katika uzoefu wake shughuli iliyosaidia watu wengi zaidi haikuwa ya kujenga nyumba hata moja: ni ile ya kukubali viwanja vidogo, kupitisha barabara na mfereji na bomba mapema, kisha kumwachia mtu ajenge chumba mwaka huu na chumba cha pili Mungu akipenda.

Nilimpa futikamba, akacheka kwa furaha, akapima mlango wake mwenyewe. Sentimita 81. Wakoloni walipenda milango mipana, alisema, kwa ajili ya kupitisha vitanda.

Alhamisi: Masese na Kawama

Siku hii ndiyo niliyoitafuta.

Masese iko kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Walukuba. Mwaka 1989 ulianza hapa mradi wa wanawake wa kujisaidia, kwa fedha za misaada ya Denmark na Mfuko wa Nyumba wa Afrika. Wanawake waliopata riziki yao kwa kutwanga mahindi na kupika pombe walifundishwa kufyatua matofali na vigae vya paa, wakajenga, na waliochukua mikopo wakawa wanairudisha kidogo kidogo.

Bibi aliyenipokea alikuwa miongoni mwao. Mikono yake mikubwa, kucha fupi. Alinishika kiwiko akanizungusha nyumba yake kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake: hapa nilikosea, ukuta umepinda; hapa mume wangu alisema siwezi, na sasa amezikwa na dirisha bado lipo. Juu, kwenye paa, alinionyesha vigae alivyovifyatua mwenyewe akiwa na mimba ya mtoto wa nne. Vingine vimeota kuvu ya kijani na vitatu vimebadilishwa kwa bati.

Nikamwuliza, bibi, hakuja mtu na fedha?

"Walikuja. Wanakuja hata sasa. Lakini hii nimeifinyanga kwa mkono wangu. Nitamuuzia nani mkono wangu?"

Nilitaka kuishia hapo, jibu ni zuri. Lakini mwenyekiti wangu hapendi majibu mazuri, kwa hiyo nikamwuliza kuhusu majirani. Tukasimama mlangoni akahesabu kwa vidole mstari wa nyumba kumi. Sita zina watu wale wale au watoto wao. Nne ziliuzwa. Nikauliza kwa nini ziliuzwa. Ugonjwa, ugonjwa, kesi ya mtoto, ugonjwa. Ni habari ile ile ya fundi viatu wa Namuwongo, ila hapa hawakutoka wote, na tofauti aliyoieleza bibi ni kwamba kikundi chao kilikuwa na mazoea ya kuchangiana. Yeye mwenyewe mwaka mmoja alilala hospitali wiki sita, na wenzake walimlipia.

Mchana nilikwenda Kawama. Hapa waliofanya kazi ni Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Makazi Duni, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 2002, hapa Jinja na kwetu Kisenyi. Njia yao huanza kwa kuhesabiana: wakazi wenyewe hupita nyumba kwa nyumba na daftari, nani anaishi wapi, maji anachota wapi, kisha wanakwenda kwa manispaa wakiwa na takwimu zao. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba hayupo wakati amejileta ameandikwa. Manispaa ilitoa ardhi, wao wakaleta akiba na kazi.

Katika karakana ya vifaa vya ujenzi nilimkuta binti anafyatua laadi. Laadi ni kibao chembamba cha saruji na mchanga chenye wavu wa waya ndani yake. Alipaka kalibu mafuta machafu ya gari ili saruji isigande, akamwaga tabaka la kwanza, akalaza wavu, akauminya kwa kiganja mpaka chuma kikazama, akamwaga tena na kusawazisha kwa ubao. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Kisha laadi inawekwa kwenye maji siku kadhaa ili ikomae polepole. Ikikauka haraka inapasuka. Laadi hupangwa juu ya mihimili yenye umbo la T, na ghafla una sakafu ya juu bila kukodi mbao za kumiminia zege. Nyumba inapanda badala ya kutanuka, kwenye kiwanja kidogo. Wafyatuaji wengi ni wanawake. Binti aliniruhusu nijaribu moja. Yangu iliinama pembeni, akaisawazisha kimya kimya.

Nikaomba kuingia katika nyumba moja. Mlango wa mbele, sentimita 80. Choo ndani, kizingiti kimoja tu. Niliandika "80" kwa herufi kubwa. Halafu nikainua macho nikaona ngazi ya kupandia chumba cha juu: mwinuko mkali, vipandio kumi na viwili. Ardhi ikiwa ghali nyumba lazima ipande, na nyumba ikipanda Hajati anabaki chini. Niliketi kwenye kipandio cha kwanza muda mrefu kidogo. Mwenye nyumba, dada wa makamo, aliniuliza kama naumwa. Nikamweleza habari za Hajati. Akasema kwao wazee hukaa chumba cha chini na vijana hupanda, "lakini hilo mlipange kabla ya kuweka msingi, dada, msije mkagombana nyumba imeshakwisha."

Ijumaa: Mbale

Mvua tangu Tirinyi, mashamba ya mpunga yamekuwa ziwa moja. Nilifika Mbale nimelowa, mlima Wanale hauonekani.

Malukhu ni mradi wa nyumba za kipato cha chini wa enzi ile ile ya Masese. Nilizunguka saa mbili nikiwa na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, aliyenifunika kwa mwavuli wake. Viwanja vimepimwa, barabara ipo, na nyumba nyingi zimeongezewa vyumba vya kupangisha nyuma. Hilo lilinifurahisha. Mama mmoja aliniambia vyumba viwili vya nyuma ndivyo vilivyomwezesha kubaki baada ya kufiwa. Kodi ya wapangaji ndiyo pensheni yake. Mlango 76. Choo nje, ngazi mbili.

Baadaye tuliteremka upande wa Namatala. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya hapa ilifurika na watu zaidi ya ishirini wakafa. Mwenyekiti yule wa LC1 alinionyesha kwenye ukuta mahali maji yalipofika, juu ya kichwa changu. Na kando ya ukuta huo huo kuna vyumba vipya, matofali bado mabichi. Niliuliza kwa nini wanajenga tena hapa. Akasema walikatazwa. Na walipokatazwa hawakuonyeshwa pa kwenda, na kazi zao ziko sokoni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nilikohoa usiku kucha.

Jumamosi: Nalukolongo

Niliondoka Mbale alfajiri, nikafika Kampala baada ya adhuhuri, na kabla ya kwenda nyumbani nikapitia Nalukolongo, barabara ya Masaka, kwenye nyumba ya wazee na walemavu ya Bakateyamba. Aliianzisha Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, na Papa Francis aliitembelea tarehe 28 Novemba 2015. Masista wa Msamaria Mwema ndio wanaoihudumia.

Sikutoa futikamba. Niliona si adabu kupima nyumba ya watu waliolala. Niliketi uani kwenye benchi karibu na mzee asiyeona, tukaongea Kiswahili, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya reli hadi Mombasa na alifurahi kukisikia. Akanisimulia siku yake: nani humwogesha, nani humsomea, nani humgeuza usiku mgongo ukiuma. Katika maelezo yake yote hakutaja ukuta wala paa hata mara moja. Alitaja watu.

Nilikuwa nimezunguka siku sita nikitafuta kipimo cha mlango wa Hajati, na sikuwa nimejiuliza nani atakuwa ndani anapoupita. Kisukari kinamdai sindano kila siku. Mguu uliobaki unadai kutazamwa vidonda. Mlango wa sentimita 90 hautafanya kazi hiyo. Na serikali za miji yetu kazi hiyo zimeliachia kanisa, msikiti na binti wa jirani.

Jumapili, kikao

Nilisoma daftari lote. Ilichukua saa moja na nusu, na hakuna aliyetoka, hata waliokuwa na vyungu jikoni.

Mabishano yalikuwa juu ya hati. Mwenyekiti anataka hati moja ya kikundi, ili mwanachama akiondoka auzie kikundi sehemu yake, kwa bei tuliyokubaliana, na asiuze kwa mtu wa nje. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu watu kumiliki kwa pamoja kama chama, na tukijenga ghorofa ipo Sheria ya Kondominiamu ya 2001 kwa wanaotaka hati ya chumba chao. Vijana hawakupenda hati moja. Mmoja alisimama akasema kweli tupu: mtu wa Namuwongo hakuuza kwa tamaa, aliuza kwa figo za mama yake. Mkimfungia mlango wa kuuza, mama yake afe?

Ukumbi ulinyamaza. Aliyejibu ni mama muuza makaa, ambaye huwa haongei. Alisema basi tutenge fedha za figo kwanza, kabla ya saruji. Tukapiga kura: katika kila elfu kumi ya akiba, elfu moja inakwenda mfuko wa maradhi, na haiguswi kwa ujenzi hata tukikwama kwenye lenta. Hati imekubaliwa iwe moja. Wawili walikataa na majina yao nimeyaandika, kwa kuwa walikataa kwa sababu nzuri.

Kuhusu ardhi, ndani ya Kampala akiba yetu haifiki. Tutatafuta Mukono au Wakiso, na wote tunajua maana yake ni nauli kila siku. Hilo hatujalimaliza.

Walipotoka, Hajati alibaki. Alikuwa amesikiliza vipimo vyote bila kusema neno: 70, 81, 80, 76. Aliniomba chaki, akasogeza kiti chake cha magurudumu katikati ya sakafu, akaniambia nichore mlango. Nikachora mistari miwili, sentimita 80 kati yake. Akapita, kiwiko kikagusa mstari. Nikafuta kwa kanga, nikachora 90. Akapita, akageuka, akarudi. Akapita tena.

"Na choo," alisema. "Chora na choo. Na mahali pa kulala huyo atakayenipiga sindano."

Nikapiga magoti na chaki.